Nyumba Alikoomba Maji Papa

Jumatatu, 3 Machi

Wiki sita kabla Papa hajaja na mji mzima umeshapata wazimu. Kila ukuta unapakwa chokaa. Leo wamepaka hadi mti! Bosi wangu wa halmashauri — tunamwita Bwana Lami, maana hajawahi kuona jengo la kale asitamani kuliangusha — ametandika ramani mezani kwangu. Nyumba namba 14, ambako Papa wa ziara ile ya kwanza alisimama akaomba maji, itawekwa bamba la shaba. Sawa. Na hatua chache kutoka hapo uwanja, watu wapate pa kusimama. Namba 16 hadi 20 zinavunjwa.

Namba 18 ni kwa mama mkwe wangu.

Nimemwambia Bwana Lami. Amenijibu kwamba uwanja hauna mkwe.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu anazunguka tu sebuleni kama kuku anayetaka kutaga. Mama mkwe ndiye anayesema, na anasema lake lile lile: maji Papa alinywea kwake! Kikombe cha bati, mlango wa mbele, yeye bi harusi wa miezi minne, akammwagia mgeni kiatuni. Naisikia hadithi hii tangu nilipoolewa, miaka kumi na minane sasa. Kila familia mjini humu ina Papa wake. Fundi viatu anadai alimshonea kandambili!

Nimemjibu kwa hasira: Mama, rejista ya majengo inasema kumi na nne. Akanitazama. Akasema siku ile rejista haikuwepo, yeye alikuwepo.

Na hiyo kumi na nne yenyewe! Mwenye duka la marumaru ameibandika vigae vya chooni kuanzia chini hadi juu.

Alhamisi, 6 Machi

Kamati ya mapokezi wanataka maneno ya kuchonga kwenye bamba. Nimeshuka stoo kutafuta ripoti ya paroko wa wakati ule. Vumbi, mavi ya panya, chafya kumi. Nimeipata. "Namba 14, nyumba ya kumi na nne kutoka sokoni."

Kutoka sokoni? Namba zetu zinaanzia kanisani!

Nikavuta faili la mtaa. Kumbe baada ya ziara wakubwa waliupa mtaa jina la mgeni wao, wakageuza na namba, mwanzo uwe kanisani, si kwenye mafungu ya vitunguu. Upande ule una nyumba thelathini na moja. Nimehesabu kwa kidole. Nimerudia kwa penseli. Kumi na nne ya zamani ni kumi na nane ya leo.

Na nani aliyenakili ripoti kwenye rejista bila kubadili namba? Mwandiko wangu. Sahihi yangu! Miaka tisa iliyopita, wiki yangu ya kwanza kazini, najiona msomi. Mjinga mkubwa mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Lami amenisikiliza wima. Bamba limeshachongwa, amesema, na askofu ameshaliona. Halafu — huyu mtu! — watu watasema nimegeuza rejista kumwokoa mama mkwe. Na kweli watasema, hata mimi ningesema. Nikishikilia, niandike barua: kosa ni la nani, lilitokeaje, jina, sahihi. Kazi hapo sina, hakunificha. Nisipoandika, tingatinga linaingia Jumanne.

Nimetoa karatasi drooni, nimeirudisha.

Jumapili, 9 Machi

Tumehamisha vyombo vya mama. Hata hakuomba tusubiri! Amefagia nyumba yote, nyumba ya kuvunjwa, hadi chini ya kabati. Mgeni njoo mwenyeji apone, amesema, ila sijui mwenyeji huyu atapona wapi. Kuta hazimuumi. Kinachomuuma ni kufa akiitwa mwongo na wanawe. Akanishika mkono. Hata wewe hukuniamini, akasema, lakini sikulaumu, ulifuata kitabu.

Nimeshindwa kumwambia kitabu hicho nilikiandika mimi. Nimeshindwa! Nilibeba godoro nikatoka.

Jumatatu, 10 Machi

Barua nimeiandika. Ukurasa mmoja. Mume wangu kaisoma, kaikunja, kanirudishia. Ameuliza kama mama anajua. Nikasema bado.

Jumanne, 11 Machi

Saa nne asubuhi, ofisini. Namba 16 imeshalala chini. Tingatinga limesimama kwenye 17, dereva anakunywa chai, anangoja simu. Barua iko kwa Bwana Lami, ameisoma mara mbili. Paroko wa sasa ameitwa naye anasema barua peke yake haitoshi, anataka shahidi aliyekuwepo siku ile. Basi wamemleta mama mkwe, ameambiwa tu kwamba nyumba yake imeonekana vitabuni. Yuko kwenye benchi la nje, gauni la kanisani, mkoba magotini. Mlinzi amepita akicheka: mama huyo anamsimulia kila mtu kwamba mkwewe amempigania, amefukua vitabu mpaka akagundua ukweli. Mkwewe hodari! Nani kama yeye?

Natamani ardhi inimeze.

Bwana Lami ametoa kichwa mlangoni. Barua itasomwa kwa sauti mbele ya shahidi, na atakayeisoma ni aliyeiandika. Mama ameinuka, ananyoosha gauni. Ananiona kupitia kioo, uso wote unacheka. Amefungua mlango mwenyewe na ananishikia nipite.