Bunduki Inayovuta Kushoto

Norwe, 9 Februari 1997

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Mbaraka,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wewe na mama mkiwa wazima, na magoti ya mama yamepoa. Mimi mzima, ila baridi ya huku inamtoa mtu machozi, na kazi ni ile ile ya kupasua samaki kiwandani. Mtu wa kisiwa cha wavuvi kama Chula kaja hadi huku kupasua samaki waliovuliwa na wengine! Cheka tu, baba, mimi nimeshacheka.

Kwanza, fomu za kuwaleta huku zimefika. Kuna nafasi ya majina mawili, lako na la mama. Nitazitia saini mwisho wa mwaka, karatasi nyingine zikishakamilika. Vumilieni hapo kwenye kambi ya wakimbizi.

Pili, usishtuke. Mwenzangu wa kazini kanipeleka kwenye chama cha kulenga shabaha. Watu wazima wanalala kifudifudi wakipiga karatasi iliyo mita hamsini, kisha wanakunywa kahawa na kwenda zao nyumbani. Hakuna anayekufa. Nimesoma darasa lao, polisi wamenipa kibali, na sasa nachagua bunduki yangu ya kwanza. Ni ndogo, ya risasi nyembamba, kama ile yako ya kufukuzia nyani kwenye shamba letu la bara. Ziko mbili. Moja ni mpya, inabeba risasi kumi na ina darubini. Nyingine ni kuukuu, ya mbao, risasi moja moja. Nimuulize nani kama si wewe, uliyekuwa ukiangusha vifuu vya nazi Idi pili na wazee wenzio wakinung'unika kwa wivu?

Na ile yako iliishia wapi? Siku wanamgambo walipovamia kisiwa na kumuua kaka Mzamil mimi nilikuwa kazini bandarini Kismayu, na mpaka leo hakuna aliyenieleza vizuri. Mlikuwa na bunduki. Mbona hamkupiga hata risasi moja?

Mwanao,
Idris

*

Mombasa, kambini, 2 Aprili 1997

Mwanangu Idris,

Waalaykum salaam warahmatullah. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsomea mama yako. Alicheka habari ya kupasua samaki, halafu akalia. Magoti yake ni yale yale, na siku hizi anasahau majina. Maji hapa ni ya foleni. Wenye kambi wanasema itafungwa, anayetaka kurudishwa visiwani aandikishe jina. Wanasema hivyo kama kwamba nyumba zetu Chula ziko tupu zinatungoja.

Habari ya bunduki. Mtu mzima kugombana na karatasi mimi sioni maana yake, lakini umeuliza. Chukua ya risasi moja moja. Mwanafunzi mwenye risasi kumi huzimaliza kabla hajajua ya kwanza ilikwenda wapi. Darubini achana nayo kwanza, jifunze kwa jicho lako. Iweke begani umefumba macho, kisha fumbua. Kama jicho halikukaa sawasawa na kilengeo, kitako hicho si cha mwili wako. Chungulia ndani ya mtutu kwenye mwanga, kusiwe na kutu. Kifyatulio kisiwe kigumu mpaka mkono mzima utikisike. Na kabla hujatoa fedha, iegemeze juu ya mfuko wa mchanga, upige tano ukilenga pahala pamoja, uone zinakusanyika wapi.

Yangu ilizama baharini tulipokuwa tukikimbia. Usiniulize tena.

Babako,
Mbaraka

*

Norwe, 25 Mei 1997

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na salamu nyingi kwa mama. Huku jua sasa halizami kabisa, nimetundika blanketi dirishani ili nilale. Afya njema, ila mgongo unalalamika.

Nimefanya kama ulivyosema. Ile kuukuu imenikaa begani vizuri sana. Mtutu safi, kifyatulio laini. Nikaiegemeza, nikapiga tano. Zote zimeingia pamoja, unaweza kuzifunika kwa kisoda cha chupa, lakini zimekwenda kushoto ya alama, karibu kiganja kizima. Muuzaji akasema, "Inavuta kushoto, wewe lenga kulia kidogo, utazoea." Nimemwambia aniwekee kwanza, nimuulize baba yangu. Alicheka, mwanamume wa miaka thelathini na mbili! Je, niichukue? Yako nayo ilikuwa na ila kama hiyo?

Kuhusu kuzama baharini, sawa. Ingawa nyinyi mlipofika Mombasa niliwapokea mimi, na mama aliniambia mlipanda chombo na sufuria moja na msahafu.

Mwanao,
Idris

*

Mombasa, 30 Septemba 1997

Mwanangu Idris,

Waalaykum salaam. Mama yako hajambo. Barua yako nimekaa nayo miezi minne. Hii naandika nikijua kwamba fomu bado hujazitia saini, na kwamba ukishasoma unaweza kulikata jina langu.

Bunduki yangu haikuzama. Watu wale walipokuja mara ya kwanza walikuwa kumi na mmoja, na silaha zao kubwa, wana kiu. Tuliwapa maji, tukawapikia wali na samaki. Wakaswali nasi, na ndani ya msikiti tukasoma nao Fatiha kwamba hakuna atakayemgusa mwenziwe. Mkubwa wao akasema, kama kisiwani kuna bunduki itolewe, ili pasiwe na hofu. Wazee tukakubaliana. Kulikuwa na moja tu, yangu.

Mzamil alikuwa ameificha kwenye makuti ya paa. Akanishika mkono, akasema kwa lahaja yetu ya kisiwani: "Baba, hawa si wachu wa kuaminiwa. Niachie mimi." Nikamkaripia mbele ya wageni. Nikaishusha, nikaipaka mafuta, nikaenda nayo barazani na mkebe wa risasi.

Unaijua desturi yetu. Mtu hatoi mtumbwi, hatoi mbuzi, bila kumwambia anayepokea ila yake. Babu yako alikuwa hivyo, nami nimekuwa hivyo maisha yangu yote, na Chula nzima walinisifu kwa hilo. Basi nikamwambia yule bwana, "Inavuta kushoto. Lenga kiganja kimoja kulia." Akanishukuru sana.

Siku ya nne wakarudi kuchukua mashua na mashine zake. Mzamil alikimbilia yetu aisukume majini. Yule bwana akalala mchangani na bunduki yangu. Risasi ya kwanza ilipita kushoto, nikaona maji yanaruka. Akasita. Kisha akausogeza mtutu kulia kidogo. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, Idris. Nilijua kabla hajafyatua.

Hakuna aliyeniuliza bunduki ina ila gani. Nilisema mwenyewe, nikijiona mwaminifu. Mama yako hajui. Nilimwambia ilikuwa silaha yao kubwa, na barua zako nikimsomea naruka mistari.

Ile ya muuzaji usiichukue.

Babako,
Mbaraka

*

Norwe, 3 Novemba 1997

Baba,

Salamu leo zimenikwama, utanisamehe.

Bunduki sikununua. Nimekwenda dukani nikaiona pale alipokuwa ameniwekea, nikatoka bila kumsemesha yule muuzaji. Kiwandani nimejikata kidole mara mbili. Nina hasira, baba, hasira ambayo sijui niiweke wapi. Namwona kaka yangu amekushika mkono, na wewe unamkaripia ili wageni wasikuone vibaya.

Kuitoa bunduki ningeweza kukusamehe. Mliogopa, na mlikubaliana wote. Lakini miaka sita mama anamlilia mwanawe kwa hadithi uliyoitunga wewe, na wewe ndiye unayemfuta machozi! Hilo limenishinda. Nimejaribu, limenishinda.

Fomu ziko mezani, zinatakiwa kabla ya mwaka kwisha. Mwambie mama. Yote, mpaka hicho kiganja kimoja. Ukimwambia nitaandika majina mawili, na utakuja, na nitakupokea kama mwana anavyompokea babake. Usipomwambia nitaandika jina lake peke yake. Usinidanganye, kwa sababu nitamuuliza.

Idris

*

Mombasa, 12 Desemba 1997

Mwanangu Idris,

Assalaam alaykum. Ukipata hii nami nitakuwa mzima inshallah.

Nimemwambia. Nilimkalisha mkekani baada ya alasiri, nikamwambia yote bila kuruka. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Ulipokuwa ukimwelekeza yule mtu jinsi ya kulenga, Mzamil alikusikia?" Nikasema ndiyo, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akakunja leso zake, akahamia kwa Hafswa, yule mjane jirani yetu wa hapa kambini. Siku ya tatu akamtuma Hafswa kwangu: "Mwambie amwandikie Idris, aandike jina moja."

Basi andika moja. Wewe hujavunja ahadi yako, sina neno nawe, na usimbembeleze. Mimi nimeandikisha jina langu kurudi Chula. Chombo kinaondoka wiki ijayo. Kama kwenye nyumba yetu wamo watu, nitawaomba pa kulala. Nataka kulisafisha kaburi, miaka sita halijaguswa, na lile halihitaji ruhusa ya mtu.

Nauli na ndege mtapanga na Hafswa, anajua kuandika. Mama yako hali samaki wa barafu, mtafutie kuku. Magoti mpake mafuta ya moto kila asubuhi, mwenyewe hatakuomba. Mchukulie koti uwanja wa ndege.

Na jambo moja ulijue mapema, usije ukaudhika mbele ya watu. Majina yamemchanganyikia zaidi tangu nilipomwambia, na wewe na kaka yako mna umbo moja. Akishuka akikuita Mzamil, itika.

Ni mimi babako,
Mbaraka