Baba Yenu Ameyasema

Loveness na Gabrieli,

Samaki wamekaangwa, wako kabatini. Fungeni vizuri, paka anazunguka. Kuneni nazi mbili. ~~Songeni ugali.~~ Pikeni wali, tuna mgeni: Mwalimu Kristofa, yule aliyekuwa akifundisha kwaya yetu kabla ya baba yenu.

Naandika kwa haraka, nivumilieni mwandiko. Asubuhi, tukiwa kwenye sala, baba yenu alikwama pale pa "utusamehe." Akaniambia kwamba yeye ndiye aliyewadanganya wazee wa kanisa kwamba Kristofa huja mazoezini amelewa. Alimwonea wivu, akakitaka cheo chake. Nilikasirika, sitawaficha, chai yake niliimwaga. Lakini hakujitetea. Alichukua baiskeli akaenda Ngamiani kwa Kristofa kumwomba radhi, yeye ambaye hata mimi hajawahi kuniomba.

Sasa hivi amenipigia simu. Kristofa alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Hasira sijaimaliza, Baba Loveness. Ila ingia, chai imeiva." Baba yenu alikuwa analia huku anacheka.

Wakifika nyumbani kabla yangu, msimhoji baba yenu. Mwamkieni tu kama siku zote.

Kwanza wanapitia kanisani, akayaseme mbele ya wazee na kwaya nzima. Nami nakimbilia huko huko. Nataka nikae benchi la mbele, ili akiinua macho amwone mtu wa kwake.

Mama yenu