Sahani Yako Iliyochorwa Mara Mbili

Mama Zaituni, mke wangu,

Sahani yako imeharibika, na ni vema usikie habari hii kwangu.

Uliirithi kwa bibi yako kule Kindu, Kongo, nawe ulipenda nikueleze niliyosoma: Mchina alichora ndege na mianzi kwa buluu, akafunika kwa mng'ao, akaichoma. Baadaye mafundi wa Ulaya waliiona haijakolea, wakapaka juu yake mawaridi mekundu na majani ya dhahabu, ndege akabaki mkia tu. Ukacheka. "Bazungu bamekuta mutu amevaa, banamuvalisha kanzu ingine!"

Tuliifunga kwenye kitenge chako mpaka hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, penye majengo yaliyokuwa gereza. Ulipougua nilikuandikia kombe ndani yake, aya za Kurani za kuoshwa kwa maji na kunywewa. Zafarani hatukuwa nayo, nikatumia manjano ya soko la Biwi. Ukanywa maji ya zile aya, ukasema, "Mzee, leo unanipa mchuzi bila nyama." Ndicho kicheko chako cha mwisho.

Sasa binti yetu Zaituni anakohoa kama wewe, na dawa za kambini hazimsaidii. Tuliipeleka sahani Lilongwe, mtaa wa Area 18, kwa mnunuzi wa vitu vya kale, ili tupate pesa za kumtibia huko mjini. Akaisifu kazi ya Mchina, akasikitika kwamba mawaridi yameiharibu. Alitaka kufikiri kwanza, turudi Jumatatu.

Mwanao alishika neno moja tu, mawaridi. Nilipotoka kuswali nilimkuta nyuma ya nyumba akiisugua kwa mchanga na majivu, anahema, anatabasamu.

"Baba, angalia! Ndege njo anatoka!"

Alitoka kweli, na shingo yake na jicho. Lakini mchanga ulikula na mng'ao. Buluu yote ikafifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. Jumatatu mnunuzi aliipitishia kidole mara moja. "Zikomo, bambo," akanishukuru kwa Kichewa, akafunga geti.

Sikumkaripia. Asubuhi hii nimemwandikia kombe. Zamani wino uliteleza juu ya mng'ao. Leo umeshika mara moja. Nilipomimina maji, baadhi ya herufi zilikataa kutoka. Zimebaki ndani ya mikwaruzo, manjano juu ya buluu. Zaituni alikunywa, akatazama ndani.

"Baba, na we umeichora."

Amelala sasa, nasikia kifua chake nikiwa hapa mlangoni. Najua uko peke yako huko kaburini, nami nimekuwa nikikuombea upate wa kukuliwaza. Leo naomba kinyume. Usimwite bado.

Mumeo,
Baba Zaituni