Sufuria ya Mwaitu

Jumamosi jioni, Kitui

Nimeisugua kwa jivu mara tatu na bado inanuka samaki.

Ni sufuria ya mama mkwe, Mwaitu tunavyomwita, ile ya kupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, aliyokuja nayo kutoka Tawa. Mwaitu hajawahi kula samaki. Kwake samaki ni nyoka wa majini. Nilijua, lakini sufuria yetu ilikuwa na chai, nikampika samaki kwa yake.

Tangu niolewe sikuwa nimevua. Leo nimeenda bwawani na fimbo, uzi wa nailoni wa fundi viatu na donge la ugali. Ndoano tu ndiyo nimenunua. Nikashika tilapia mmoja, mkubwa, na kwa furaha nikasahau akili kule kule.

Mwaitu ametoka kanisani, akafunua sufuria yake, akafunika.

“Huyu ni nani?”

Nimeomba msamaha. Amekaa nje, hajala. Naogopa kesho atarudi Tawa aseme nimemfukuza, na mume wangu atamwamini yeye.

Sasa hivi Mwaitu ameingia, akanikuta bado nasugua.

“Wachana nayo. Hiyo ni ya nyoka wako. Mimi utaninunulia ingine, na iwe na mfuniko mzito.”

Mtu wa kuondoka hawezi kuagiza sufuria.