Vioo vya Basi la Hamisi

Vingunguti, Dar es Salaam

Mama yangu, shikamoo.

Kwanza ujue unasomewa barua ya mtu mkubwa. Dar nzima wakitafutwa watu watatu wanaoijua kompyuta, wawili ni mie, na huyo wa tatu nilimfundisha.

Za hapo nyumbani? Mguu wako umepona, au bado unakuuma ukiinuka? Na ule uwele mmeuwahi, au ndege wamewatangulia? Mie mzima, nakula nashiba. Zuhura dada yangu, najua wewe ndiye msomaji, basi soma taratibu na usiruke mahali. Na kaka Hamisi awepo hapo anasikiliza. Barua hii kaileta mwenyewe mfukoni na nimemwapisha asiifungue. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kila nikitaka kusema, najikuta naulizia mbuzi.

Mama, wewe unaulizaga kazi yangu ni kazi gani. Nipo kibanda cha gemu, jirani na machinjio. Kuna kompyuta sita, zote zimechoka. Gemu za siku hizi zinataka kuchora kila kitu: jani, kivuli cha jani, maji yanavyong'aa, vumbi nyuma ya gari. Kompyuta kuukuu ukiilazimisha ichore yote hayo, picha inakwama kwama, basi linaruka kama chura. Hapo ndipo wananiita. Naingia kwenye setingi, nazima vivuli, napunguza majani, ukali wa picha naushusha kidogo, basi linateleza kama limepakwa mafuta. Wenzangu wanabonyeza bonyeza tu wakiomba Mungu. Mie najua kila setingi inafanya nini na inakula nguvu kiasi gani. Yule mwalimu aliyesema nikiacha kidato cha pili sitakuwa mtu, aje. Nitamkalisha kompyuta namba tatu, ndiyo nzuri.

Hamisi akimaliza kuchuna ngozi machinjioni alikuwa anaoga, anakuja kwangu. Unamjua kaka, hana makuu. Gemu lake lilikuwa moja tu, la kuendesha basi, na njia aliyoipenda ni ile yenye vilima, anasema imefanana na ya Dodoma kuja Kondoa. Akisimama kituoni anawaambia abiria wa kwenye skrini, "Wa Kondoa pandeni, mama kashatenga chakula." Kibanda kizima kinacheka.

Halafu akaanza kugonga. Katikati ya barabara anakwenda vizuri, lakini pikipiki ikiwa ubavuni anaikwangua. Namuuliza, "Braza, leseni yako uligawiwa harusini?" Siku hiyo hakucheka.

"Shabani, hili basi vioo vya pembeni umevitoa?"

"Vipo. Kimoja kushoto, kimoja kulia."

"Mbona sivioni mpaka nigeuze shingo?"

"Hiyo ishu ya setingi. Sogea, uone fundi."

Kuna setingi ya upana wa kuona, mama. Ukiipandisha, picha inarudi nyuma, na vitu vya ubavuni vinasogea katikati. Ukizidisha, barabara inapinda kama uso unaojitazama kwenye kijiko. Nikaipandisha mpaka mwisho. Hamisi akakaa, akatazama, akasema, "Eeh, sasa vioo nimeviona." Akaendesha safari nzima bila kumgusa mtu. Watu wakanipigia makofi, na mie nikainama kama mbunge.

Yaliyofuata sehemu yake unaijua. Machinjioni mtu alipita ubavuni mwake kabeba paja la ng'ombe, Hamisi hakumwona, akageuka na kisu mkononi. Wakagongana, kisu kikamchana mwenyewe kiganja. Muuguzi aliyemshona ndiye aliyeshtuka. Alimwambia atazame mbele, akanyoosha vidole karibu na sikio la Hamisi, akamuuliza ni vingapi. Kaka akamuuliza, "Vidole vipi?"

Tukapelekwa kwa daktari wa macho, dada mmoja mpole. Akampima muda mrefu. Akasema ni presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni inakuja katikati, haiumi, ndiyo maana watu wanachelewa. Kaka sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki.

Nikamuuliza, "Dokta, haiwezekani kupanua kidogo?"

"Kupanua nini?"

"Anavyoona."

Akaniangalia, nadhani alitaka kujua kama namtania. Akasema, "Hapana, mdogo wangu. Hakuna."

Ndipo akauliza, ilianza lini? Nikawahi kujibu mie. Nikasema wiki mbili. Hamisi alikuwa amekaa hapo kando yangu. Aligeuza shingo yote mpaka akanipata usoni, halafu akarudi kutazama ukuta.

Na wewe jioni ile ukampigia simu, ukamgombeza. Nilikuwa nasikia. "Hamisi, mtu mzima unafichaje maradhi? Unaye mdogo wako hapo, si ungemwambia?" Akakujibu, "Nisamehe mama, ni ujinga wangu."

Zuhura, matone ni asubuhi na jioni, hata akisema anaona vizuri. Chupa isikae juani. Ukitembea naye usimjie ubavuni kimya kimya, mwite kwanza. Kikombe mwekee mbele yake, sio pembeni.

Msalimie mjomba Idi mchunga ng'ombe wetu, mwambie yule ndama mkorofi asimpe jina langu. Msalimie shangazi Mwajuma aliyetupikia siku ya safari, na ustadhi wetu wa madrasa, bakora zake bado nazikumbuka. Bibi mzaa baba mwambie mjukuu wake anaswali, siku nyingine anachelewa tu.

Nilitaka kuishia hapo. Kalamu nimeiweka chini mara mbili.

Mama, haikuwa wiki mbili. Ilikuwa Ramadhani, miezi sita sasa. Tulikuwa tunafuturu, Hamisi akanyoosha mkono akapiga kikombe cha uji kilichokuwa ubavuni mwake, kikamwagika chote mkekani. Akasema, "Sikukiona. Shabani, pembeni pananizimikia. Kesho nisindikize hospitali." Nikacheka. Nikamwambia ni mwanga wa skrini, kwamba mie nayajua mambo hayo kuliko daktari, na asikupigie simu akutie presha bure. Aliniomba tena siku ya Idi. Akaniamini, mama, kwa sababu kila siku namwambia hakuna anayejua kama mie. Siku niliyomwonyesha vioo vya basi alikuwa ameshaniomba mara mbili, nami nilikuwa najua si basi lenye tatizo. Daktari alisema angefika miezi kadhaa nyuma, angebaki na sehemu kubwa.

Usimgombeze tena. Hamisi hakuficha maradhi. Aliniambia mie, na mie nikampanulia picha.

Mwanao,
Shabani