Bamia za mama lishe wa Kariakoo

Jumamosi, miezi minne tangu niondoke Newala.

Shikamoo dada Somoe,

Kubeba magunia hapa sokoni kumenimaliza mabega, ila leo nimecheka. Kwa mama lishe nilikaa meza moja na binti anayesomea udaktari. Akatazama bamia zangu: "Huu utelezi ni sukari zilizoungana kama mnyororo. Kule maabara zinaamsha askari wa mwili wapigane na uvimbe wa saratani."

Nikaruka: "Basi dada yangu aache dripu za saratani, namtumia gunia la bamia!"

"Weee kaka! Hayo ni ya maabara, bado si dawa. Bamia ale, dripu asiache."

Mama lishe akadakia: "Na mimi nilishataka kupandisha bei!"

Dada, najua dripu zinakuchosha. Zimalize, nakuombea. Korosho zikianza kudondoka narudi, nikukute unasonga ugali.

Mdogo wako, Hamisi