Mshale Umesogea

Jumatatu, 4 Mei 1959
Nimekausha ute wa yai kwenye vioo pale maabara tangu asubuhi. Ndiyo kazi ya Daktari wetu: anamulika vitu vya viumbe gizani, ajue kama mwanga unatoa umeme ndani yake. Ukitoka, mshale wa mashine unasogea. Leo kamulika jicho la ng'ombe kutoka machinjioni. Umesogea! Mke wangu Zaituni haoni mwaka wa nne sasa. Nimemwomba Daktari ampime, huenda macho yake nayo bado yana umeme. Kaguna tu.

Jumatano, 6 Mei
Amekubali. Alhamdulillahi. Zaituni katoa kanga mpya. Anataka kumwona Rukia, mtoto wa binti yetu Saada, aliyezaliwa bibi yake tayari haoni. Na mimi je, nikamwuliza. "Nikiiona sura yako ilivyozeeka, Baba Saada, narudi kwetu Ujiji." Tumecheka mpaka machozi.

Alhamisi, 7 Mei
Uzi wa fedha wa ile mashine umeloweshwa maji ya chumvi, ukagusishwa pembeni mwa jicho. Taa ikawashwa. Mshale ukasogea. Nikapiga takbira mle mle gizani. Daktari akasema tusubiri. Nisubiri nini? Nimewatangazia watu njia nzima. Nyumba imejaa majirani, wanatupa mkono wa heri. Zaituni anawapokea, inshallah tu mdomoni. Furaha hiyo.

Jumamosi, 9 Mei
Ya Rabi. Daktari katuita tena. Kaufunika uzi kwa kitambaa cheusi, taa ikapiga jicho peke yake. Mshale haukutikisika. Kisha kaumulika uzi mtupu, bila jicho. Ukasogea. Umeme ni wa ule uzi na chumvi yake, basi, si wa jicho. Kaninong'oneza hayo kwa Kiingereza, Zaituni asielewe. Zaituni akauliza vipi. Nikasema mashine imechoka. Nimemshika mkono hadi nyumbani, nimebeba uongo. Nimeswali, sala haipandi.

Jumapili, 10 Mei
Nimemwambia ukweli. Sikuweza kulala naye na lile neno katikati.
"Nilijua tangu Alhamisi," akasema. "Walivyosema taa imewaka, sikuona hata cheche. Ila ulivyopiga ile takbira, Baba Saada… ningekukatizaje?"
Siku zote hizo amewapokea wageni, akisema inshallah. Kwa ajili yangu. Nimelia kama mtoto. Yeye ndiye kanifuta machozi.

Jumanne, 12 Mei
Mvua imekatika. Saada kaleta mtoto. Zaituni kampakata barazani, anampapasa uso polepole. Akaniuliza pua kachukua ya nani. Nikamtazama mtoto vizuri, kisha yeye.
Yako, nikamwambia. Na ni kweli.